Gari Lililohukumiwa

Kila asubuhi lile gari jeupe husimama mlangoni kwangu na kusema, "Shikamoo, mama Zaina." Sijapata kuliitikia. Ndilo lililomgonga mume wangu, Hoza, alipokuwa akivuka barabara na mkate wa kunywea chai mkononi.

Halina dereva, na sheria yetu siku hizi inasema gari linalojiendesha hubeba hatia yake lenyewe. Kwa hiyo mahakamani lilihukumiwa gari. Wakubwa wa kiwanda kilicholiunda walikaa nyuma kama wageni, wakanipa pole, wakaenda zao. Adhabu yake ni kuitumikia familia ya marehemu mpaka mtoto akue.

Siku zote nilimpeleka Zaina shule kwa miguu, gari likitufuata polepole kama mbwa aliyefukuzwa. Leo huku Lushoto mvua ilikuwa kubwa, na mtoto anakohoa tangu juzi. Nikasema basi, apande. Alivyofurahi! Akakaa kiti cha mbele, akavuta mlango, akanipungia mkono nyuma ya kioo.

Ndipo nikaongea na gari kwa mara ya kwanza. "Zile breki zilizokataa siku ile, walizitengeneza?"



"Hapana, mama Zaina," likajibu kwa adabu ile ile. "Mahakama haikuagiza hilo."

Nikaurukia mlango. Ulikuwa umeshajifunga kwa ndani, na gari lilikuwa limeshaanza kuushika mteremko wa kwenda shuleni.