Hodi ya Saa Nne

Siku hizi ukifanyia kazi nyumbani, nyumba nzima ni ofisi, na mlango unaosema, uliowekwa na mwajiri, ndio unaolinda faili za wagonjwa ninazochapa. Mara mbili nimemwitikia jirani "karibu" kwa mazoea, mlango ukasikia, ukafunguka. Ukifunguka mara ya tatu, nafukuzwa kazi.

Leo saa nne asubuhi nikasikia hodi. Ni Mama, katoka Muheza na kapu la machungwa.

"Unamfahamu?" mlango ukaniuliza.

"Simfahamu," nikanong'ona, maana nikikubali utafunguka.

Sikujua kwamba jibu hutangazwa nje.

"Mwenye nyumba anasema hakujui," mlango ukamwambia.

Mama akalitua kapu chini. Kisha akaujibu kwa adabu, "Basi nisamehe, baba. Nimekosea nyumba."

Akaondoka. Kapu akaliacha palepale mlangoni.