Uvimbe wa Kisogoni

Mwaka ule wa nzige, Ng'washi alitoka Magu kwa lori la pamba, amempakata mwanawe mchanga mwenye uvimbe kisogoni. Daktari wa Mwanza alidhani ni jipu, akashika kisu.

Mtoto akalia. Uvimbe ukatuna, ngozi ikang'aa. Alipovuta pumzi, ukanywea.

Daktari akasita. Akapitisha kidole pembeni mwa uvimbe akitafuta mfupa. Akakuta tundu, na kitu laini kikidunda.

Akaweka kisu chini. "Mama, hili si jipu. Ni ubongo wake umetokeza nje."

Ng'washi akamvuta mwanawe kifuani.

"Ndiyo maana, Bwana Daktari," akasema taratibu. "Kila nikiubonyeza urudi ndani, ananyamaza. Macho yanabaki wazi, lakini hanioni."