Seli Zilizoachana

Daktari Nasra alimsogezea Mzee Shekuwe kiti mbele ya hadubini. Mkewe, Mwanasha, alibaki nje kwenye benchi. Alikuwa amekataa kuingia. "Kaangalie wewe," alimwambia mumewe.

Mzee aliinama, akafumba jicho moja. Aliona seli zimebanana, kila moja imezungukwa na ukingo wa kahawia.

"Hizo ni nzima," daktari alisema. "Hiyo kahawia inaonyesha kitu kama gundi, ndicho kinachozishikanisha. Sasa tazama za kwenye uvimbe."

Alisogeza kioo kidogo. Hizi hazikuwa na kahawia hata chembe. Zilikuwa zimetawanyika, kila moja na njia yake.

"Zimepoteza gundi, ndiyo maana zimefika mpaka kwapani."

Mzee hakuinua kichwa. Mwanasha alipogundua uvimbe ule kwenye titi, ni yeye aliyemkataza kwenda hospitali, akisema hataki mke aliyekatwa. Badala yake alimletea dawa za miti, mwaka mzima, na Mwanasha akazinywa bila kulalamika.

"Daktari, angekuja mapema, mngezikuta bado zimeshikana?"

Nasra alizima taa ya hadubini. "Huenda, baba. Siwezi kujua."

Mzee alitamani aambiwe ndiyo, au hapana. Alishukuru, akatoka.

Mwanasha alimtazama usoni. "Umeziona?"

"Nimeziona."

Mkewe akasogea kumpisha, akapangusa vumbi kwenye benchi kwa upindo wa kanga. Mzee Shekuwe akabaki amesimama.