Weusi wa Lami

Otukei aliweka kipande cha bango sakafuni, akakikanyaga, akakisugua kwa kisigino cha kiatu chake cha ngozi, kisha akainama kuona kama wino umetoka.

"Boss," Apeduno akamwambia, "hiyo ni picha. Si mkeka."

"Nalipa, nakanyaga."

Ndivyo walivyo wawili hao. Otukei alikuwa mkandarasi wa barabara ya kwenda kwao Apeduno, ng'ambo ya Angurai, barabara iliyoahidiwa uchaguzi uliopita, na ule uliotangulia, na ule wa zamani mama yake akiwa bado na meno yote. Mvua za mwaka jana, kidonda cha mguu kilipomzidi, mama huyo alibebwa hospitali juu ya mlango uliong'olewa kwenye bawaba, wabebaji wakizama matopeni mpaka magotini. Walichelewa. Mlango ulirudi nyumbani mzima. Mama alirudi na mguu mmoja.

Sasa mgeni mkubwa alikuwa anakuja kutoka Nairobi kuikagua barabara hiyo. Akiridhika, anatia sahihi, Otukei anachukua chake na kuhamisha matrekta yake, matope yanabaki na wenyewe. Na huyu hapa Otukei, Malaba, ndani ya duka la Apeduno la kuchapisha mabango, na picha ya lami kwenye simu.

"La kuzungushia uwanja wa shule," alisema. "Refu. Mgeni akigeuka huku, lami. Akigeuka kule, lami."

"Na lami yenyewe iko wapi?"

"Wewe chapisha, madam."

Angemfukuza. Lakini Apeduno alitaka kitu: kiti cha mbele siku hiyo, amuulize mgeni swali moja tu mbele ya watu. Otukei alicheka mpaka tumbo likatikisika, akakubali. Mwanamke wa mabango ataulizaje swali la maana?

Kipande cha kwanza kilitoka kibaya.

"Hii ni zambarau! Kwa simu ilikuwa nyeusi!"

"Simu inatoa mwanga, boss. Turubai halitoi mwanga, linakunywa wino." Akamgeuzia skrini, akaipa vipimo vya turubai na vya wino wa printa yake, na picha ikafifia pale pale, ikaingia wekundu kama wa udongo wa murram. "Ukichapisha hivi ilivyo, hii ndiyo utapata. Afadhali ulie sasa, kabla sijamaliza roli zima la turubai."

Otukei akasonya. "Toa huo wekundu. Na ising'ae. Lami haing'ai."

Apeduno akautoa, kidogo kidogo, akitazama skrini, akichapisha vipande, akivikataa. Kile cha mwisho walikipeleka nje juani, wakakilaza kando ya barabara kuu, kati ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, Apeduno amepiga magoti.

"Dada!" dereva mmoja akamwitia kutoka juu. "Mnaishonea barabara suti?"

Malori yote yakacheka. Lakini kipande kilikuwa kimepotea machoni. Ilibidi apapase lami kwa vidole ndipo aupate ukingo wake. Apeduno alijichukia kwa jinsi kazi ilivyotoka nzuri.

"Nitoboe matundu?" akauliza. Bango lolote refu huku hutobolewa, upepo upite.

"Usithubutu! Yataonekana."

"Upepo utalibeba, boss."

"Kulibana ni kazi ya vijana wangu. Wewe ni wa rangi, baki kwa rangi."

Apeduno akabaki kwa rangi.

Siku ya mgeni, polisi walikuwa wamefunga barabara kwa kamba. "Zungukeni shambani! Lami bado mbichi!" Watu wakapita katikati ya mihogo, wamama wameinua sketi, wakilalamika.

Apeduno aliinua macho akasimama ghafla.

Ilikuwa pale, nyuma ya majani ya mihogo. Nyeusi, imenyooka, mstari mweupe katikati, kutoka kona ya kanisa mpaka lango la shule. Miaka yote hii amemtukana mtu huyu sokoni, dukani, hata kanisani. Kumbe ameweka.

Uwanjani, uzio ulikuwa mtupu, bango halipo. Hakushangaa. Nani atatundika picha ya bibi harusi na bibi harusi mwenyewe amefika?

Mama yake, Akiteng, alikuwa ameshaketi mbele, magongo mapajani.

"Usiku tulisikia malori yakinguruma mpaka asubuhi," mama akasema. "Huyu ndiye ulisema ni mwizi?"

"Nyamaza, mama."

"Nakuuliza, mtoto wangu. Huyu?"

Apeduno akaketi kando yake. Swali alilokuwa amemwekea mgeni alilimeza, pamoja na matusi ya miaka yote.

Helikopta ikatokea upande wa Malaba. Otukei akanyakua maikrofoni, jasho likimtiririka. "Wananchi! Mgeni wetu anaiona barabara yenu kutoka juu! Makofi!"

Na kweli, mgeni alikuwa amebandika uso dirishani, dole gumba juu. Watu wakapiga vigelegele. Akiteng akapiga makofi. Apeduno naye, Mungu amsamehe, akapiga makofi.

Kisha helikopta ikashuka, na upepo wa mapanga yake ukaipata barabara ukingoni, ukaingia chini yake, na lami yote, pamoja na mstari wake mweupe, ikainuka kutoka matopeni, ikapita juu ya vichwa vya watu na kushika njia ya Uganda.