Cherehani Bila Uzi

"Imeanza tena," fundi cherehani akasema, na mkasi ukamponyoka.

Dada yake hakugeuka. Alikuwa akipiga pasi suti ya mteja, na pasi haiachwi juu ya nguo. "Hofu tu hiyo, mdogo wangu. Fanya dawa yako."

Dawa yenyewe ilikuwa cherehani. Kila woga ulipomkaba, fundi alichomoa uzi akakanyaga pedali taratibu, mpaka moyo uliokuwa ukienda mbio ufuate mwendo wa mguu.

Akakanyaga. Sindano ikapanda, ikashuka. Pumzi zikarudi, viganja vikakauka, woga ukamtoka wote.

Moyo haukufuata. Uligonga mara mbili, ukanyamaza, kisha ukatapakaa kama vifungo vilivyomwagika sakafuni.

"Dada, siogopi tena."

"Si nilikwambia?"

"Siogopi, lakini moyo bado."

Dada akatwaa mkono wake huku akicheka, akabonyeza mshipa, akaanza kuufuatisha kwa mdomo, kama anayembembeleza mtoto. "Ti, ti, ti..."

Akanyamaza. Akangoja. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Vaa viatu," akanong'ona, bila kuuachia ule mkono.

Nyuma yao suti ilianza kutoa moshi, na hakuna aliyegeuka.