Mbwa Aliyekataa Kulala

Mbwa aliumia uti wa mgongo, miguu ya nyuma ikafa ganzi. Mganga Korongo akamwambia, "Ukitulia, utatembea. Ukirukaruka, utajikokota hadi kaburini."

Jirani yake, Bata mjane, akajitolea kumuuguza. Lakini kila alipokuja mgeni kumpa pole, Mbwa alikurupuka kumlaki.

"Lala!" Bata akafoka. "Marehemu mume wangu naye alikuwa hivi hivi, Mungu amrehemu. Nimeshazika mkaidi mmoja, yatosha!"

"Mama Bata, mgeni hapokewi kwa kulala."

Bata akachoka. Akamfunika shuka gubigubi. Wageni walipoliona lile shuka wakaangua kilio, na Bata hakusema uongo, alinyamaza tu.

"Shujaa ametutoka!" akalia Mbuzi.

Mbwa, mpenda sifa, akatulia tuli asikose hata neno. Maziko yakangoja ndugu wa mbali, waombolezaji wakazidi kumsifu, na mgongo ukapona polepole.

Siku ya kuzika, Fisi akasema, "Tusidanganyane. Alikuwa mwoga."

Shuka likaruka. Mbwa akasimama kwa miguu yote minne, akamfukuza Fisi hadi mtoni.

"Mungu, nakushukuru," Bata akasema huku akifuta machozi. Kisha akapaza sauti: "Na wewe, rudi ulale!"