Kila Saa Nane

Shomari alifika kwenye dirisha la dawa na bandeji mpya kichwani, mkewe Bi Sikitu kamshika mkono. Kifafa kilikuwa kimemwangusha tena asubuhi ile, mara ya nne mwezi huo.

Ngwali, mtoa dawa wa zahanati kwa miaka tisa, akakunja uso. "Mama, huyu anaruka dozi. Sema kweli."

Bi Sikitu akawaka. "Anaruka! Usiku kengele ya simu ikilia naamka, namkalisha kitandani nampa. Mwaka mzima hatujakosa hata mara moja!" Akatoa bahasha ndogo ya dawa, akaibamiza kwenye kaunta. "Si mwandiko wako huu?"

Ulikuwa wake: *Kidonge kimoja kila saa nane.*

"Basi nieleze anavyokunywa."

"Kama ulivyoandika. Saa nane mchana, saa nane usiku."

"Na cha tatu?"

"Cha tatu?" Bi Sikitu akamkodolea macho. "Kwani siku ina saa nane ngapi, kaka?"

Ngwali akaisoma tena bahasha. Yeye alimaanisha kila zikipita saa nane, vidonge vitatu kwa siku. Na hivyo hivyo ndivyo alivyomwandikia kila mgonjwa, miaka yote tisa.

Saa ya ukutani ikagonga mara mbili: saa nane mchana. Nje, kwenye benchi refu la kliniki ya kifafa, watu wakaanza kufungua bahasha zao, wote kwa pamoja, wakipokezana chupa ya maji.